Chumvi Isiyotiwa kwa Mkono

Mara ya kwanza Mwalimu alipopiga hodi kwangu kuomba yai, nilimuuliza analitaka la kuchemsha au la kukaanga. Akasema analitaka la kuvuliwa nguo. Mume wangu alikuwa ndani akifunga kamba za viatu aende zake kazini reli. Akatoka na kiatu kimoja mkononi kuja kumtazama huyo anayezungumza hivyo na mkewe. Akamkuta mtu mrefu wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikakakamaa, soksi zimevutwa hadi magotini, na usoni hana hata dalili ya mzaha.

"Bichi, Bwana," Mwalimu akamweleza. "Na siki kidogo kama mnayo."

Mume wangu akarudi ndani kuvaa kiatu cha pili. Tangu siku ile hakuwahi kumwonea wivu.

Tulikuwa tunakaa Ngamiani, miaka ya hamsini, nyumba zetu zimeegemeana ukuta. Yeye alikuwa mpangaji wa Bi Shamsa, mama wa Kimanga aliyemiliki nyumba kadhaa pale mtaani na kujiona anawamiliki waliomo pia. Mwalimu alifundisha sayansi Pongwe, akienda na kurudi kwa baiskeli, na shule yake haikuwa na maabara. Ilikuwa na ubao, chaki, na picha moja ya chura aliyepasuliwa. Basi maabara ikawa jiko langu. Mimi kazi yangu ilikuwa achari, ya ndimu na ya maembe, kwa hiyo siki ilikuwepo, chumvi ilikuwepo, na subira ya kumsikiliza mtu huku mikono ikikata ndimu ilikuwepo pia.

Lile yai alilitia katika bilauri ya siki akaliweka juu ya ukingo wa baraza. Likatoa mapovu siku nzima. Kesho yake akaniita, maana lilikuwa yai langu. Gamba lote limeisha, limebaki yai laini linalotikisika, limeshikwa na ngozi nyembamba tu. Nikasema, "Loo! Mwalimu, huu ni uchawi." Akasema hapana, uchawi hauna kipindi kwenye ratiba.

Akaniambia tulifanye lile yai kuwa mfano. Kila kilicho hai, tangu papai mpaka mjumbe wa baraza la mji, kimejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, naye akiviita chembe. Kila chembe ina ute ndani, ina kiini kinachotoa amri kama mwenye nyumba, na nje imezungukwa na utando. Mmea una zaidi ya hapo, una ukuta mgumu nje ya utando, ndiyo maana mti unasimama bila mifupa. Lakini utando ndio aliokuwa akiupenda. Akiutaja, sauti ilishuka, kama mtu anayemtaja mkwewe kwa heshima.

"Ukuta unazuia tu, Bi Zuhura," aliniambia. "Utando unachagua. Maji pita. Wewe chumvi, subiri kwanza nikutazame."

Lile yai akalitia kwenye maji matupu, likavimba likawa kama linataka kupasuka. Akalihamishia kwenye maji ya chumvi kali, likanywea likakunjamana kama uso wa bibi kizee. Maji, alisema, hutoka kwenye chumvi kidogo kwenda kwenye chumvi nyingi. Chumvi haiwezi kupenya utando kirahisi, basi maji ndiyo yanayoifuata. Nikaacha kisu. Miaka yote nimekuwa nikipaka ndimu chumvi na kuzianika, nikiona zinatoa maji mpaka zinasinyaa, kama alivyofanya mama na mama yake mama. Hata vitunguu vya kachumbari, ukivifikicha kwa chumvi vinalia machozi yote. Sikuwahi kuuliza nani anayavuta hayo maji. Nilipomwambia hivyo, alinitazama kwa furaha, kisha akaomba kitunguu.

Alikuwa na desturi ya kulifanyia mazoezi somo la kesho, pale barazani, baada ya alasiri, kwa sauti. Hakujali nani anasikia. Muuza kahawa alisomea pale habari za mizizi ya mimea. Fundi cherehani wa ng'ambo ya njia alijua sehemu za chembe kwa mpangilio, na akigombana na mteja alimwambia hana kiini. Siku moja Bi Shamsa alifukiza udi chumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na harufu ikatufikia. Mwalimu akainua pua.

"Nani ameisukuma ije huku?" akauliza hewani. "Hakuna. Kilipo kingi kinakwenda kilipo kichache, chenyewe, mpaka kilingane. Huo ndio mtawanyiko."

Bi Shamsa alisikia dirishani. "Huo si mtawanyiko," akajibu. "Huo ni udi wa gharama, na haukufukizwa kwa ajili yako."

Mwalimu akasimama, akamwinamia. "Shikamoo, Bi Shamsa." "Marahaba," akajibiwa, na dirisha likafungwa. Harufu iliendelea kuja.

Vipo vinavyoingia vyenyewe, alisema, kama mtu anayeteremka mlima, na vipo vinavyopandishwa. Chembe ikitaka kitu ambacho ndani tayari kimejaa kuliko nje, lazima itoe nguvu zake, kama hamali wa bandarini anavyopandisha robota la katani kwenye ubao wa meli. Na hamali asipokula hapandishi. Kwa sababu hiyo ya kisayansi Mwalimu hakuwahi kwenda kazini bila kufungua kinywa kwa muhogo na chai, na akirudi alikuwa na njaa ya mahamali wawili.

Mengine niliyomjua nayo ni haya. Alikuwa Mlutheri wa kuimba sauti ya nne, lakini adhana ikilia alinyamaza katikati ya wimbo mpaka muadhini amalize, kisha akaendelea pale pale alipokata. Alikuwa hapigi watoto, jambo ambalo wazazi walimlalamikia. Mwanafunzi akikosa, alimkalisha mbele ya chura wa picha mpaka ajirekebishe. Wakati ule watu walikuwa wameanza kunong'ona habari za uhuru barazani, na walipomuuliza yeye yuko upande gani, aliwaambia Mwingereza ameingia hapa kama chumvi kwenye kidonda, na kazi ya utando inajulikana. Walikwenda zao hawajui kama amejibu. Mimi nadhani alijibu.

Na alikuwa na methali yake mwenyewe: "Mlango usiochagua si mlango, ni tundu." Aliisema kwa wanafunzi, kwa mafundi, kwa mchungaji wake. Sasa mtazame msemaji. Nyumba yake ilikuwa tundu. Aliingia nani asiyetakiwa? Waganga wa miti shamba, wauza dawa za mende, jamaa za mkewe kutoka mlimani waliokuja kwa siku mbili wakakaa mpaka mahindi yakakomaa, mlevi mmoja wa Chumbageni aliyedai wamesoma pamoja, na hawakusoma pamoja. Mwalimu hakujua kusema hapana. Neno hilo alilifundisha, hakulitumia.

Hasa hakuweza kulitumia kwa chumvi.

Kwao mlimani, alinisimulia, alipokuwa mdogo chumvi ilikuwa ya kulambwa kwenye kidole siku ya sikukuu. Alipoteremka pwani akaingia soko la samaki, akaona papa mkavu amening'inizwa, mweupe kwa chumvi, alisimama pale mpaka mwuzaji akamuuliza kama ni mgonjwa. Akawa mtu wa papa. Papa wa nazi kwa ugali, ng'onda, samaki wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, wa kuchoma, embe bichi la chumvi na pilipili, na achari yangu, ambayo aliila kwa kijiko kutoka kwenye chupa, amesimama, akinieleza huku akila jinsi chumvi ilivyofukuza maji kwenye ngozi ya ndimu. Nilikuwa napenda kumtazama akila. Mpishi gani hapendi?

Kisha miguu ikaanza kuvimba.

Kwanza soksi zilimwachia alama. Halafu viatu vikakataa, akavipasua kwa wembe juu akaendelea kuvivaa, vimepigwa rangi vizuri, na mpasuko wake umenyooka. Ukibonyeza mguu wake kwa dole gumba shimo lilibaki, kama kwenye unga uliokandwa. Ninajua kwa sababu aliubonyeza mbele yangu. Aliubonyeza pia mbele ya darasa. "Haya," aliwaambia watoto, "ni maji yaliyoifuata chumvi." Watoto wakaenda majumbani wakasema Mwalimu amejaa maji, na mzazi mmoja akaja na kombe la kunywa, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani.

Daktari wa hospitali alimwambia waziwazi, mkewe akiwepo: figo zimechoka, haziwezi tena kuitoa chumvi mwilini. Aache chumvi kabisa. Akiendelea nayo, darasa analolifundisha sasa hataliona likimaliza.

Mkewe tulimwita Mama Eliza. Mwanamke mfupi, wa maneno machache, mwenye mikono ya mtu aliyelima miteremko. Alirudi nyumbani siku hiyo, akachukua chumvi yote ya jikoni akaimwaga uani. Majani ya pale yalikauka yote. Mwalimu akawaleta wanafunzi wake kutoka Pongwe waje wayaone, akawaeleza jinsi mizizi ilivyonyang'anywa maji. Mama Eliza alisimama mlangoni akitazama watu wanachukua maelezo juu ya hasira yake.

Tangu hapo akampikia bila chumvi. Naye mwenyewe akala hivyo hivyo, chungu kimoja. Nilimwambia, "Mama Eliza, wewe figo zako nzima, jitilie pembeni." Akaniambia hawezi kula kitamu mbele ya mtu anayekula kichungu. Basi.

Kisha akapita nyumba kwa nyumba. "Jamani, chumvi kwa mume wangu ni sumu. Naomba mnisaidie." Mtaa mzima ulimwahidi. Bi Shamsa alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, kwangu haitatoka hata punje." Mimi achari nikampiga Mwalimu marufuku. Alikuja mara mbili akasimama karibu na chupa, akazungumza habari za hali ya hewa, akaondoka.

Sasa lazima nieleze habari ya sahani, maana pasipo hiyo hutaelewa. Kwetu sisi jirani ni wa kupelekewa. Ukipika cha maana unamtolea. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, kabla ya magharibi watoto wanapishana njiani na sahani zilizofunikwa kawa, na hakuna anayeuliza huyu ni Mwislamu au Mkristo. Sahani iliyoletwa hairudishwi na chakula chake, hilo ni tusi, wala hairudishwi tupu. Mama Eliza alizirudisha na matunda damu na maparachichi ya kwao, au mayai. Na kwa kuwa Mwalimu alikuwa mgonjwa, mwezi ule sahani zilizidi. Kila nyumba ilitaka kuonyesha kuwa inamjali.

Sahani zake alizipokea mwenyewe barazani na kuzila pale pale. Mama Eliza harufu ya samaki mkavu ilikuwa inamtapisha tangu siku aliyofika pwani, kwa hiyo hakufunua wala hakuonja. Kila mtoto aliyeleta aliulizwa naye swali moja, "Mama ametia chumvi?" Na kila mtoto alijibu, "Hakutia." Na ilikuwa kweli.

Mwalimu akavimba. Ramadhani ikiwa ukingoni, alianguka na baiskeli njia ya Pongwe, akaletwa juu ya lori la katani, macho yamefumbika kwa uvimbe, pumzi inakuja kwa kukopa. Akapelekwa hospitali. Nilimwona akiteremshwa, nikakaa chini pale pale njiani.

Mama Eliza aliporudi kuchukua nguo zake alikuta wanawake tumejaa uani. Hakutusalimu. "Nimemnyima kila kitu," alisema. "Nimemnyima mpaka namwonea haya. Hiyo chumvi inatoka wapi?"

Tukaapa, mmoja mmoja. Bi Shamsa aliapa kwa Msahafu. Na sahani yake ya siku ile ilikuwa pale barazani, imekuja imemkosa mwenyewe. Nikaenda nikaifunua kawa. Papa. Papa mkavu, wa nazi, mzito, ananukia mpaka saumu inayumba.

"Bi Shamsa," nikasema, "huyu si papa?"

"Ni papa. Anampenda."

"Papa si ana chumvi?"

"Sikumtia."

"Lakini alitiwa kabla, alipoanikwa."

"Alitiwa na wavuvi. Mimi nazungumzia mkono wangu. Mkono wangu haukugusa chumvi." Akawageukia wenzake. "Nyie mlitia?"

Hakuna aliyetia. Huyu alipeleka ng'onda, hakutia chumvi. Huyu alipeleka dagaa wa chumvi, hakuongeza. Huyu alikamulia achari juu ya wali ili usiwe chapwa, na achari si chumvi, achari ni ndimu. Kwa mpishi wa pwani chumvi ni ile unayoichota kwa vidole ukaitupa chunguni. Nyingine zote ni tabia ya samaki.

"Na kama samaki atalaumiwa kwa kutoka baharini," Bi Shamsa akamalizia, "mbona samaki changu anatoka humo humo na hana chumvi?"

Nikaifunika tena sahani. Alikuwa wa umri wa mama yangu. Aliondoka amenuna na wengine wakamfuata, na mtaa ule, ambao haukuwahi kukosa sahani njiani, ukakaa mpaka Idi ikapita hakuna anayempelekea mwenzake kitu. Mimi niliona kama msiba. Ulikuwa msiba hasa.

Mwalimu hakufa. Walimtoa maji, wakampa dawa, wakamrudisha amekonda, ngozi inamning'inia. Alipoyasikia yaliyotokea akaniomba bakuli la kioo, maji safi, na kipande cha papa mkavu. Nikamwambia papa simpi. Akasema si wa kula. Nikamtazama machoni muda mrefu, ndipo nikampa.

Jioni wanawake wakaitwa barazani. Bi Shamsa akaja wa mwisho, kwa sababu ni mwenye nyumba na huwezi kuitwa barazani kwako ukakataa. Papa alikuwa amelala kwenye bakuli tangu asubuhi. Mwalimu alisimama, ameshika mwimo wa mlango, akafundisha kama alivyofundisha Pongwe. Nyama ya papa, alisema, nayo ni chembe. Mvuvi akimsiliba chumvi, maji yaliyo ndani ya chembe yanatoka kuifuata, ndiyo maana anakauka. Na vijidudu vinavyoozesha samaki, navyo ni chembe vina utando, vikigusa chumvi ile vinanyonywa maji, vinakufa. Kwa hiyo haozi. Lakini chumvi haikwenda popote. Imekaa humo inangoja maji.

"Onjeni," akasema.

Bakuli likapita. Kila aliyeonja alikunja uso akampa wa pili. Bi Shamsa alichovya ncha ya kidole, akaweka ulimini.

"Bahari," akasema. Kisha, "Basi ni mimi. Nilikuwa namuua mtu wa watu kwa mkono wangu, na nimeapa kwa Msahafu."

"Hapana, Bi Shamsa," Mwalimu akasema. "Wewe hukujua. Mimi habari hii ndiyo kazi yangu. Kila kawa iliyofunuliwa, nilijua kilichomo kabla sijaonja. Nilijiambia nikikataa nitakuvunjia heshima. Na kusema kweli, nilikuwa naitaka hiyo chumvi. Hayo ndiyo yote."

Mama Eliza alikuwa amekaa kwenye kizingiti nyuma yake. Akainuka, akaingia ndani. Hakumsemesha mumewe mpaka Idi ya kuchinja. Alimpikia, alimfulia, alimpaka mafuta miguu, yote kimya. Mwalimu aliniambia ile ilikuwa mbaya kuliko hospitali, na alistahili.

Lakini sahani zilirudi njiani. Bi Shamsa alijifunza upya kupika na umri wake ule. Changu mbichi kwa nazi, tangawizi, ndimu, na bizari, bila chumvi ya mkono wala ya wavuvi. Alileta mwenyewe, akitangaza tangu mbali, "Haina chumvi! Wala haina raha!" Wengine wakaiga. Ikawa kila nyumba ina chungu kidogo cha pembeni, na kila mtoto anajua kile ni cha nani. Mwalimu alisema sasa utando wake ni mtaa mzima. Bi Shamsa akauliza utando ni kitu gani. Ikabidi aanze tangu kwenye yai.

Akaishi. Lile darasa aliliona likimaliza, na la nyuma yake, na la nyuma yake tena. Alipoacha kazi, wakahamia Maramba, ambako Mama Eliza alikuwa na shamba la migomba na minazi michache. Mimi nilibaki na jiko lisilo na mtu wa kuniomba mayai.

Miaka ile ya hamsini ikielekea kwisha, utingo wa basi la Maramba alinijia na salamu. "Mama Eliza anasema uje. Na uje na papa."

Nikamwambia hakusikia vizuri. Akasema amesikia, na ameambiwa arudie mara mbili ili niamini. Papa mkavu, mzuri, wa mafuta.

Nilifika asubuhi. Mama Eliza alikuwa amenisubiri njiani, kwenye kivuli cha duka, mbali na nyumba. Alichukua kikapu changu, akanusa, akageuza uso kama zamani.

"Daktari amesema tumpe anachotaka," akaniambia.

Nilisimama. Nilijua maana yake, na yeye alijua kwamba najua.

"Yeye ameambiwa?"

"Nimeshindwa, Zuhura. Kila siku nasema leo. Hajauliza chochote, hajaomba chochote. Nikajiuliza anataka nini, nikapata hicho tu."

Nilimpika papa jikoni kwake, kwa nazi yao wenyewe. Nilimroweka kidogo tu, wala sikumwaga ladha yake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikukisingizia kitunguu. Mama Eliza alisonga ugali pembeni yangu, bila kuziba pua.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha, blanketi magotini, miguu juu ya kigoda. Ilikuwa imevimba tena mpaka mapajani. "Bi Zuhura," akasema, "unaonekana mnene. Biashara inakwenda." Tukacheka, mimi na yeye. Aliniuliza habari za mtaa, nikampa. Kisha Mama Eliza akaleta maji ya kunawa, na mimi nikaweka sahani mbele yake, nikaifunua.

Mvuke ukapanda. Akaangalia kile chakula, hakugusa. Akamwangalia mkewe, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Akaniangalia mimi. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu anasoma kitu upesi namna ile.

"Daktari?" akauliza.

Mama Eliza akatikisa kichwa kukubali.

"Alaa," akasema Mwalimu.

Akafumba macho, akasali sala ya chakula, fupi kama kawaida yake, nadhani hata hakuongeza neno. Akamega tonge, akalichovya, akachukua na kipande cha papa, akala. Akatafuna polepole sana. Nikamwona shingo yake inameza. "Bi Zuhura," akasema, "huyu umemweza." Akala tonge la pili, na la tatu. Halafu akagonga mkeka karibu na kiti chake kwa kiganja, akamwambia mkewe aje wale sahani moja.

Akaja. Akakaa. Huyu aliyekimbia harufu ile tangu usichana, na tangu siku ile aliyomwaga chumvi uani hakuwahi kuionja, akamega tonge akachovya akatia mdomoni. Uso ukajikunja wote, macho yakamtoka maji, lakini hakutema. Akaliteremsha.

"Kali," akasema.

Mwalimu akaweka mkono wake wenye mchuzi juu ya mkono wa mkewe.

"Utazoea," akamwambia. "Wewe una muda."